Mjomba ana ugaga kama plasta ya ukuta na hana jino bovu, mimi napiga mswaki kila siku meno yanatoboka. Madini ya kwenye utando yanahusikaje?

#1 Wa_Busia
Salaam wakuu. Hii kitu imenisumbua wiki nzima naomba tusaidiane. Nina mjomba wangu huku Busia, ana miaka 63, meno yake ya chini ya mbele kwa ndani yamejaa ugaga wa njano mgumu umejipanga kama plasta, mswaki anatumia akikumbuka. Hana tundu. Hata moja. Mimi nina 31, napiga mswaki asubuhi na usiku, nimeshaziba magego matatu na la nne lilinikesha Jumamosi mpaka Jumapili asubuhi nikaenda kuling'oa. Daktari alipomaliza, nikiwa bado nimeuma pamba, akaniambia kuna watu utando wao wa kwenye meno umejaa madini, kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo unageuka jiwe haraka lakini jino lenyewe halioozi kirahisi, na wengine kama mimi utando unabaki laini na asidi yake inakula jino. Nilitaka kuuliza zaidi ila mdomo wote ulikuwa ganzi. Sasa nauliza hapa, ni kweli? Na kama ni kweli mbona tunaambiwa ugaga ni mbaya tuutoe?

#2 Nubi_wa_Bombo
Pole sana kwa gego. Mimi naona ni damu tu. Kwetu ukoo mzima meno ni chuma, babu alikufa na meno yake yote na alikuwa anatafuna mifupa ya mbuzi mpaka siku za mwisho. Mke wangu ukoo wao wote wana mapengo. Tunakula sufuria moja.

#3 Mama Hadija (Arua)
Wa_Busia mwanangu pole. Hayo madini sijui, lakini hebu tuambie kwanza chai unaweka vijiko vingapi. Na soda je? Mjomba wako wa 63 amekulia wakati sukari ilikuwa inatafutwa kama dawa, nakumbuka miaka ile ya 70 mwishoni tulikuwa tunapanga foleni kwa kilo moja, wengine tulikunywa chai na chumvi. Meno yake yalikua bila sukari. Wewe umezaliwa na peremende mdomoni.

#4 Wa_Busia
Mama Hadija shikamoo. Chai vijiko vitatu, kikombe asubuhi, kingine saa nne, kingine jioni. Soda nikiwa stendi nauza simu, moja naimalizia polepole mchana kutwa.

#5 Mama Hadija (Arua)
Marahaba. Basi uzi umeisha hapo 😄

#6 MwlKemia_Jinja
Haujaisha mama, tena ndio unaanza kunoga. Daktari hakukosea ila aliongea haraka. Mimi nafundisha kemia, nitaeleza kwa mfano wa kwetu. Mnajua milima ya Sukulu pale Tororo, ile yenye mawe ya fosfeti ya mbolea? Jiwe lile linaitwa apataiti. Sasa gamba la juu la jino, enameli, asilimia kama 96 ya uzito wake ni madini, na madini hayo ni ndugu wa apataiti ileile, kalsiamu na fosfeti zimefungamana. Jiwe la Sukulu ukilitupa shambani halifanyi chochote miaka na miaka maana haliyeyuki kwa maji. Ili liwe mbolea inayofanya kazi haraka kiwandani wanalipiga asidi. Asidi ndio funguo. Jino hivyo hivyo, maji hayalifanyi kitu, asidi inalifungua.

Asidi inatoka wapi, ni bakteria waliomo kwenye utando. Ukinywa chai ya sukari wao nao wanakunywa, ndani ya dakika chache wanatoa asidi na pH ya kwenye utando (kipimo cha asidi, namba ikishuka ujue asidi imezidi) inashuka. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, kalsiamu na fosfeti zinaanza kutoka kwenye jino. Baadaye mate yanasafisha ile asidi, pH inapanda tena, inachukua nusu saa mpaka saa nzima. Hii ilipimwa tangu miaka ya 1940 na Mmarekani mmoja anaitwa Stephan, mchoro wake unafundishwa mpaka leo.

Sasa ndio madini ya utando yanaingia. Ile 5.5 sio sheria ya mbinguni. Inategemea majimaji ya ndani ya utando yana kalsiamu na fosfeti kiasi gani tayari. Yakiwa yamejaa, jino halina pa kupeleka madini yake, ni kama kuweka sukari kwenye kikombe ambacho tayari sukari imelala chini, haiyeyuki tena. Kwa hiyo mwenye utando wenye madini mengi jino lake linavumilia asidi zaidi kabla ya kuanza kuyeyuka. Hapo daktari yuko sahihi.

#7 Baharia_Portbell
Mwalimu webale. Hiyo ya kikombe nimeielewa mara moja.

#8 Mchuuzi_Tororo
Ndio maana sisi wa Tororo tuna meno mazuri, maji yetu yanapita kwenye mawe hayo ya fosfeti 💪

#9 MwlKemia_Jinja
Ndugu Mchuuzi soma tena hapo juu, nimesema jiwe lile haliyeyuki kwa maji. Ukinywa maji ya Tororo hunywi Sukulu.

#10 Muhudumu_Meno_Kasese
Naomba niingie, mimi kazi yangu ni kusafisha meno, ugaga nauona kila siku. Kwanza tofautisheni maneno. Ukoga ni ule utando laini, unaufuta kwa kucha asubuhi kabla hujapiga mswaki. Ugaga ni ukoga ulioganda ukawa jiwe, huo kucha haiutoi, unataka chuma. Pili, Wa_Busia umesema ugaga wa mjomba uko meno ya CHINI ya MBELE kwa NDANI, na meno yako yaliyooza ni MAGEGO. Hapo unalinganisha nyumba mbili tofauti. Inua ulimi ujiangalie kwenye kioo, chini yake kuna vitundu viwili mate yanachuruzika. Mate yanatoka na kalsiamu na fosfeti nyingi na yanaangukia hapo hapo kwenye meno ya chini ya mbele. Ndio maana ugaga unapenda kukaa hapo, na sehemu ya pili ni magego ya juu upande wa shavuni, napo kuna mlango wa mate. Na meno ya chini ya mbele ndio ya mwisho kuoza karibu kwa kila mtu. Yanaogeshwa na mate muda wote. Gego lako lina mifereji juu, chapati inajaza ile mifereji, mate hayafiki, mswaki haufiki.

#11 Mtalii wa Lugha
Ukoga na ugaga mimi nilikuwa najua ni kitu kimoja, kwetu Tanga vyote ni uchafu wa meno.

#12 Muhudumu_Meno_Kasese
Huenda kweli kwenu hivyo, lakini mteja akiniambia ukoga najua mswaki utatosha, akisema ugaga naandaa vyuma.

#13 Wa_Busia
Dada Muhudumu nimejiangalia kwenye kioo cha pikipiki, vile vitundu nimeviona! Lakini bado, mjomba hata magego hana tundu. Nimemuuliza kwa simu akaniambia hajawahi kuumwa jino usiku maisha yake yote.

#14 Kijana_Mak
Wakuu mimi nasoma mambo ya maabara, naomba nimpinge mwalimu kidogo kwa heshima. Ni kweli wakipima utando wa watu wenye meno mabovu wanakuta kalsiamu, fosfeti na floraidi kidogo kuliko wa wenye meno mazima. Lakini kipi kimetangulia? Mtu anayekula sukari mara kwa mara utando wake una asidi kila saa, na asidi hiyo inayeyusha madini yaliyohifadhiwa kwenye utando kabla hata ya kufika kwenye jino, mate yanayabeba, anayameza. Kwa hiyo utando wake ukipimwa utakuwa mtupu. Upungufu wa madini hapo ni dalili ya sukari, sio chanzo cha kuoza. Ni kama kukuta ghala tupu ukasema njaa imeletwa na ghala.

#15 MwlKemia_Jinja
Kijana hoja nzuri na sikatai. Lakini ghala likishakuwa tupu, mvua ijayo ikikosekana utakufa kweli. Kinaweza kuwa dalili na bado kikaongeza ugonjwa.

#16 Kijana_Mak
Sawa mwalimu. Na kuna maelezo ya tatu. Sukari ya kawaida ya mezani ina tabia moja, bakteria wa aina ya mutans wakiipata hawatengenezi asidi tu, wanatengeneza na gundi. Gundi hiyo inavimbisha utando. Kalsiamu nyingi ya kwenye utando huwa imeng'ang'ania kwenye kuta za bakteria wenyewe, sasa utando ukijaa gundi, bakteria kwa kila gramu wanapungua, mahali pa kushika kalsiamu panapungua. Halafu utando wa gundi una vitobo vingi, sukari inapenya mpaka chini kabisa kwenye ngozi ya jino. Kwa hiyo ukila wanga mtupu na ukila sukari, kiasi kinaweza kuwa kile kile lakini utando unajengwa tofauti.

#17 Nubi_wa_Bombo
Basi mke wangu ana gundi. Nitamwambia kwa upole.

#18 Mama Hadija (Arua)
Nubi wewe ongea naye baada ya chakula sio kabla.

#19 Volkano_Kisoro
Mnaongea kalsiamu tu mmesahau floraidi. Mimi ni wa Kisoro chini ya Muhabura, meno yangu ya mbele yana mabaka ya kahawia tangu yalipoota, shule ya bweni Kampala walikuwa wananiita chai ya rangi. Nilijua ni uchafu, nilisugua na majivu, na mkaa, na mchanga laini, mpaka fizi zikatoa damu. Mwaka wa 3 wa chuo ndio nikaambiwa ni maji. Maji ya kwetu sehemu zingine yalipimwa yakakutwa na floraidi kama miligramu 2.5 kwa lita, wakati Kasese mahali walipopima ilikuwa 0.5. Shirika la Afya Duniani mwisho linaweka 1.5. Lakini tundu sina, nina 34.

#20 Laizer_Arusha
Pole ndugu wa Kisoro, huku kwetu chini ya Meru tuko wengi wa rangi yako, sisi tumezidishiwa na magadi ya kupikia maharage nayo yana floraidi. Tunajuana kwa kucheka tu.

#21 Baharia_Portbell
Kumbe meno ya kahawia hayaozi?

#22 Muhudumu_Meno_Kasese
Hapana, msiende na hiyo. Floraidi kidogo na ya kila siku inasaidia, hiyo ndio iko kwenye dawa ya meno. Inavyofanya kazi, inakaa kwenye mate na kwenye utando, asidi ikija na kuondoka, inavuta kalsiamu na fosfeti zirudi kwenye jino na lile linalojengeka upya ni gumu zaidi, linavumilia mpaka pH 4.5 hivi. Lakini ikizidi sana utotoni jino bado liko ndani ya taya, enameli inajengwa na matundu madogo madogo chini ya ngozi yake, ikitoka inamenyeka kwa kutafuna na kule ilikomenyeka uchafu unakaa, nimeona ya namna hiyo yameoza vibaya. Volkano wewe yako ni ya kati, umesalimika. Na pole kwa hilo jina, watoto wa bweni hawana huruma.

#23 Volkano_Kisoro
Asante dada. Hakuwahi mtu kuniambia pole kwa hilo.

#24 Mama Twins_Malaba
Samahani natoka nje kidogo. Mimi kila mimba imeondoka na jino. Bibi aliniambia mtoto anachukua kalsiamu kwenye meno ya mama kujengea mifupa, kwa hiyo nilikuwa nakula udongo, ile emumbwa ya sokoni, nirudishe madini. Mapacha wameondoka na mawili.

#25 MwlKemia_Jinja
Mama Twins hongera kwa mapacha. Jino likishaota halina mlango wa kutoa kalsiamu kumpa mtoto, mtoto anachukua kwenye chakula chako, kikipungua anachukua kwenye mifupa yako, sio kwenye meno. Madini ya enameli yanaingia na kutoka kupitia mate, kwa nje.

#26 Muhudumu_Meno_Kasese
Mimba inaharibu meno kwa njia zingine mama. Kutapika asubuhi, ile ni asidi ya tumbo inagusa meno moja kwa moja. Ukitapika sukutua na maji tu kwanza, usipige mswaki hapo hapo, enameli imelainika utaisugua itoke. Halafu kula kidogo kidogo mchana na usiku, fizi kuvimba ukaogopa mswaki. Na udongo una chembe ngumu zinasaga meno. Ukitaka kalsiamu kula mukene, wale dagaa wadogo, na mifupa yake, bei yake unaiweza.

#27 Mama Twins_Malaba
Asante wapendwa. Mukene napenda. Miaka yote nilijua ni hao watoto, na nilishawaambia.

#28 Mchuuzi_Tororo
Narudi. Mimi nilisikia ukiweka jino kwenye soda usiku mmoja linayeyuka lote asubuhi hulikuti.

#29 MwlKemia_Jinja
Hiyo nimeijaribu na wanafunzi wangu wa kidato cha pili muhula uliopita, kwa hiyo nasema nilichoona. Tulichukua jino la mbuzi kwa mchinjaji, tukalichemsha, tukaliweka kwenye kikombe cha soda nyeusi. Asubuhi lipo vilevile, limebadilika rangi tu. Siku ya 5 tukalitoa, tukalisuuza, tukaliacha likauke dirishani. Mng'ao ulikuwa umepotea wote, limekuwa jeupe la kufa kama chaki. Binti mmoja akapitisha kucha juu yake, ikabaki alama. Kwenye jino lingine lililokaa kwenye maji matupu kucha ilikuwa inateleza. Darasa zima lilikaa kimya, na hilo darasa halinyamazagi. Lakini kumbukeni mdomoni kuna mate na soda haikai siku 5.

#30 Wa_Busia
Mwalimu soda yangu inakaa mchana kutwa.

#31 Muhudumu_Meno_Kasese
Na hapo ndio ulipo ugonjwa wako kwa maoni yangu. Soda moja ukiinywa na chakula ukamaliza, pH inashuka mara moja, mate yanarekebisha. Soda hiyo hiyo ukiimega kwa saa sita, kila funda unarudisha saa nyuma, jino halipati hata dakika ya kurudishiwa madini yake. Ule weupe wa chaki aliouona mwalimu kwa mbuzi nauona kwa watoto karibu na fizi, kabla ya tundu. Ikiwa bado ni doa na halijavunjika, linaweza kurudi, kwa floraidi na kupunguza sukari. Likishatoboka halirudi.

#32 Msoga_Kamuli
Sisi Busoga tunatafuna muwa tangu tunatambaa na mashamba ya miwa ya Kakira yako hapo hapo. Wazee wetu wa vijijini meno yao mazuri tu. Mnasemaje?

#33 Kijana_Mak
Muwa unatafunwa, mate yanatoka mengi, nyuzi zinasugua. Sio sawa na sukari iliyoyeyushwa. Ila sisemi muwa ni salama, wanaotafuna kutwa nzima nao wanaoza.

#34 Msoga_Kamuli
Ssebo hapo umesema pande zote mbili.

#35 Nesi_Mbale
Nimesoma yote. Kuna kitu mmekiacha. Nimefanya kazi na wagonjwa wa figo. Hao wana yurea, ile taka ambayo figo hutoa kwenye mkojo, nyingi kwenye damu na kwenye mate, na wengi wao meno yana ugaga wa kutisha, na kati ya watoto wenye shida hiyo unakuta kuoza ni kidogo kuliko wenzao. Sababu ni kwamba bakteria wengine mdomoni wanavunja yurea wanatoa amonia, amonia inaua asidi, pH inabaki juu. pH ikibaki juu kalsiamu na fosfeti za mate zinaganda zinakuwa jiwe. Kwa hiyo ugaga mwingi na meno yasiyooza vinaweza kuwa watoto wa mama mmoja, pH ya juu, sio kwamba ugaga unalinda jino. Sisemi mjomba ana ugonjwa wa figo! Watu wenye afya kabisa nao wanatofautiana hao bakteria wao.

#36 MwlKemia_Jinja
Nesi hii imenifundisha, sikuwa nimeifikiria upande huo.

#37 Nubi_wa_Bombo
Yaani damu. Nilisema tangu namba 2.

#38 Nesi_Mbale
Sio damu ndugu, ni mate na wadudu wake 😀 Ila hao wadudu mama ndio anampa mtoto, kwa kijiko cha uji anachoonja kwanza, kwa hiyo ukoo unaingia kwa mlango huo.

#39 Wa_Busia
Wakuu narudi na habari. Jana nilimpeleka mjomba kwa daktari yule yule, alikataa mara mbili nikamwambia shangazi ndio amenituma. Akafungua mdomo. Tundu kweli hana, daktari alizunguka meno yote na kioo chake akasema safi. Halafu akashika meno mawili ya chini ya mbele kwa vidole, yakacheza. Mbele nyuma, mbele nyuma, kama mlingoti uliochimbiwa kwenye mchanga. Mjomba akasema hayo yanacheza tangu mwaka juzi, alidhani ni uzee.

Ugaga ukaanza kutolewa. Kipande kimoja kilitoka kizima, kama ukucha wa kidole gumba, upande wa nje njano na upande uliokuwa umelala chini ya fizi mweusi kama lami. Daktari akasema ule mgumu hauli jino, lakini ngozi yake ni ya mikwaruzo, ukoga laini unakaa juu yake muda wote, fizi inavimba, na mfupa unaolishika jino unaliwa pole pole bila kuuma. Moja anasema huenda likabaki. Jingine hakuahidi.

Kile kipande nimekiomba, kiko kwenye kiberiti.

#40 Muhudumu_Meno_Kasese
Mwambie mjomba pole na asiogope kupiga mswaki hata damu ikitoka siku za kwanza, fizi zitakaza. Na arudi baada ya miezi mitatu, ugaga unarudi haraka kwa mate kama yake.

#41 Kijana_Mak
Kwa hiyo mjomba ana madini mengi ameokoa magego akapoteza mfupa, Wa_Busia ana madini kidogo fizi nzima magego yanaondoka. Bado swali langu la ghala halijajibiwa. Ningepata ukoga wa hao wawili, wa siku moja na chai moja, ningepima kalsiamu.

#42 Wa_Busia
Nikija Kampala nitakuletea wa kwangu. Chai nimeshuka kijiko kimoja, soda na chakula tu. Mwalimu, kile kipande kikiwekwa kwenye siki kitakuwaje?

#43 MwlKemia_Jinja
Kivunje vipande viwili sawa, kimoja tukitie kwenye siki kingine kwenye maji, na niletee kabla ya Ijumaa, kidato cha pili wana maabara saa nne.